Kope Kumi na Mbili kwenye Boneti Nyekundu

Nilipoweka tindo juu ya boneti ile kwa mara ya kwanza, ncha iliteleza na kuacha mkwaruzo kwenye rangi nyekundu. Mdogo tu, urefu wa punje ya mpunga. Babu aliuona. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni, kofia yake ya pama kichwani ingawa tulikuwa chini ya paa la karakana yangu.

“Umeshaanza au bado?” akauliza.

“Bado, babu. Imeteleza tu.”

“Basi isiteleze tena. Boneti nyingine kama hiyo iko Ulaya, na mimi pasipoti sina.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikashika nyundo, nikavuta pumzi, nikapiga. Bati likalia, tindo ikazama, na kuanzia hapo hapakuwa na kurudi nyuma.

Ilikuwa Jumatatu. Jumamosi yake, saa nne asubuhi, gari lile lilitakiwa liwe limesimama mbele ya kanisa kule Kidatu, na bibi, mkewe, akiwa amekaa ndani yake.

Huyo babu hakunizalia mama wala baba. Ni jirani yetu hapa Ifakara. Ujana wake wote alikuwa mtunza stoo Kidatu, na alipostaafu akaja kulima mpunga Michenga. Gari aliachiwa na bosi wake, Mzungu mmoja mhandisi, alipokuwa anarudi kwao. Ni gari la spoti la zamani, milango miwili, viti viwili, la chini kiasi kwamba mbuzi akisimama pembeni anatazamana na dereva jicho kwa jicho. Injini yake iko nyuma, pale ambapo magari mengine yanaweka mizigo, na boneti ya kuifunika iko hukohuko nyuma. Injini yenyewe haina rejeta wala haiwekwi maji. Inapozwa na upepo. Ina feni yake ndani ya kuupuliza. Watoto wa mtaani waliliita Sabuni, kwa sababu limelainika pembe zote kama kipande kilichobaki bafuni.

Mimi nililipenda tangu nikiwa mdogo. Shule niliishia kidato cha pili, na madaftari yangu ukiyafungua leo, somo utalitafuta, utakuta magari. Nilikuwa nayachora hata kwenye mifuko ya saruji. Nilikuwa na ndoto, na bado ninayo, kwamba ipo siku nitaunda gari kwa mikono yangu, kuanzia taa hadi taa. Watu wakinicheka nilikuwa nacheka nao, maana kucheka pamoja na watu hakuharibu ndoto. Lakini kazi niliyokuwa naifanya ni ya bati: matanuri ya kukaushia samaki kwa wavuvi wa mtoni, midomo ya mashine za kukoboa mpunga, ndoo, masinia.

Ugonjwa wa Sabuni ulikuwa joto. Bonde letu hili jua likikaa juu, hata kuku wanahema midomo wazi. Tangu ugonjwa uanze, Sabuni lilikuwa halijawahi kufika mbali zaidi ya Mkula, kijiji cha njia ya Kidatu. Likifika hapo, au kabla ya hapo, unaanza kunusa oili, nguvu inapungua, halafu kimya. Bibi alishatembea kwa miguu barabara ile mara tatu, viatu mkononi. Mara ya tatu aliapa mbele ya wanakwaya wenzake kwamba hapandi tena.

Sasa walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Misa ya jubilei ilikuwa Kidatu, kanisa lilelile walilofungia ndoa, na babu alikuwa amemwahidi mkewe tangu siku ya harusi kwamba ipo siku atamleta pale kwa gari lake mwenyewe. Bibi akampa sharti moja.

“Ninaondoka hapa na wewe,” alimwambia, nikiwa nimekaa palepale nakunywa chai yao. “Basi la wanakwaya litakuwa nyuma yetu. Gari lako likizima hata mara moja njiani, mimi naingia kwenye basi, na wewe utanikuta altareni, ukifika. Na tangu siku hiyo sitaki kuliona uani kwangu. Liuze chuma chakavu.”

Babu alikubali. Mafundi wa gereji walimwambia hakuna la kufanya, gari hilo lilitengenezewa nchi za baridi. Mimi nikanyoosha mkono kama niko darasani. “Babu, nipe mimi. Ni suala la hewa tu.”

Ni suala la hewa tu! Nikikumbuka nilivyolisema, naona aibu hadi leo.

Hoja yangu ilikuwa hii. Tanuri la samaki lisipokuwa na tundu juu, samaki wanaungua badala ya kukauka. Joto hupanda, ukilipa mlango juu, litatoka. Boneti ya Sabuni ilikuwa na kidirisha kimoja kidogo cha wavu, upana wa kiganja. Nikaona wazi kwamba injini ile ni samaki aliyefungiwa. Nikachora kwa chaki mistari kumi na miwili, sita kushoto na sita kulia. Kila mstari nikaukata kwa tindo, halafu nikainua ukingo wa juu wa bati kidogokidogo kwa nyundo ya mbao, ukatokeza kama kope ya jicho linaloanza kufunguka. Mvua haiingii, joto linatoka. Nikaziita kope. Ilinichukua siku nzima, na kila kope babu alikuwa anainama, anaitazama, anainuka.

Ilipofika ya kumi na mbili akapitisha kidole juu yake, taratibu.

“Kama mashavu ya perege,” akasema. Nikajua ameridhika, na usingizi ukanijia vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo la pili nililolifanya, na hilo halikuonekana kwa nje. Ndani, pembeni mwa injini, kulikuwa na mabati mawili mapana meusi, yamelala kushoto na kulia, yameziba nafasi yote kati ya injini na bodi. Kingoni yalikuwa na mpira, umeoza na kukatika. Nikajiuliza, hivi mtu anataka injini ipoe halafu anaizungushia mabati? Ni yaleyale ya baridi za kwao. Nikamwambia babu, “Haya yanaziba hewa.” Akasema, “Fundi ni wewe.” Nikafungua boliti, nikayatoa.

Na sisi watu wa bati hapa Ifakara hatutupi kitu. Kopo la rangi linakuwa koroboi, debe linakuwa jiko, mlango wa friji unakuwa banda la kuku. Yale mabati yalikuwa mazito, mazuri, hayapatikani siku hizi. Nikayachoma rangi juu ya makaa, nikayasugua kwa mchanga na majivu hadi yakang'aa, nikakunja kingo, nikakata pembe, yakawa masinia mawili ya kuokea. Nikampelekea bibi iwe zawadi yangu ya jubilei.

Bibi ni mwokaji. Mtaa wetu wote unakula skonsi zake. Tanuri lake la bati nililitengeneza mimi, na halina kipimo cha joto. Kipimo ni mkono wake. Anauingiza ndani, anaanza sala ya Salamu Maria. Akimaliza hadi amina mkono ungali ndani, tanuri bado. Akishindwa katikati, hapo ndipo penye joto la mkate. Akishindwa kwenye maneno ya mwanzo, anatoa makaa. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi sana, na sijawahi kula skonsi yake iliyoungua.

Alipoyaona masinia akanishika mashavu yote mawili. “Mume wangu mdogo,” akasema, maana ndivyo anavyonitania, “yule mkubwa hajawahi kunipa sinia. Keki ya jubilei naoka humu.” Nikaondoka pale natembea kama nakanyaga mawingu.

Jumatano mchana tulilijaribu gari. Babu aliendesha, mimi nikakaa pembeni. Tulitoka mjini watu wakitupungia mikono, na milima ya Udzungwa ikaanza kujitokeza upande wa kushoto. Moyo wangu ulikuwa unaimba. Nikatazama nyuma kupitia kioo, nikaona kope zangu kumi na mbili zimepanga foleni juani.

Baada ya dakika ishirini hivi nikanusa oili.

Nilinyamaza. Nilidhani nikinyamaza harufu itaondoka. Geji ya joto ilikufa siku nyingi, kwa hiyo hapakuwa na cha kutazama, ni pua tu na masikio. Injini ikaanza kugonga, kama mtu anabisha hodi kwa ufunguo. Babu akakanyaga, gari halikujibu. Tukasimama kando ya shamba la mpunga. Hata Kiberege, kijiji cha nusu ya njia, hatukufika.

Nikashuka, nikafungua boneti kwa kitambaa, nikachomoa kijiti cha chuma cha kupimia oili. Sijui kwa nini, nikaanza Salamu Maria kama bibi. Sikumaliza neno la pili. Kijiti kilianguka kwenye majani, na vidole vyangu nikavitia mdomoni.

Mara zote zilizopita, gari hili lilikuwa linafika karibu na Mkula. Sasa, na kope zangu, lilikuwa limekufa kabla ya nusu ya njia. Nilikuwa nimeliharibu zaidi.

Kijana wa bodaboda akasimama, akainua miwani yake. “Babu, shikamoo! Vipi, Sabuni limeyeyuka?”

“Marahaba,” babu akajibu, basi.

“Na wewe fundi, hayo matundu ni ya nini? Umeliwekea filimbi?”

Ningekuwa na uchangamfu wangu wa siku zote ningemjibu kwa mzaha. Niliinama tu kukitafuta kijiti kwenye majani. Pawatila moja, kitrekta cha kulimia, iliyokuwa inatoka shambani ilituvuta kwa kamba hadi mjini, polepole, watoto wakikimbia pembeni. Babu alishika usukani njia nzima bila kugeuza shingo. Tulipofika karakana alishuka, akasema, “Kesho kutwa ni Ijumaa,” akaenda zake nyumbani.

Alhamisi asubuhi niliwasha injini, nikakaa mbele yake kama mtu anayemwuguza mgonjwa. Nilikuwa nimeifunga boneti, nataka kuhisi kwa mkono jinsi joto linavyotoka kwenye kope. Nikaweka kiganja. Sikuhisi joto. Nikadhani mkono umekufa ganzi kwa kuungua.

Karakana yangu imepakana na mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ikianza kazi, pumba zinaruka hadi kwangu, zinatua kwenye chai, kwenye nywele, kila mahali. Asubuhi ile ziliruka zikatua juu ya boneti. Nikazitazama. Zilizotua karibu na kope zikasogea, kama sisimizi walioitwa. Zikafika ukingoni. Zikaingia ndani.

Nikachota pumba kiganja kizima, nikazimwaga pale juu. Zikaingia zote, fyuu!

Hewa ilikuwa haitoki. Ilikuwa inaingia. Feni ilikuwa inavuta kutoka juu, inapuliza kwenye injini, na joto linatokea chini, uvunguni. Tanuri lililogeuzwa kichwa chini. Nikalala kifudifudi, nikarusha pumba nyingine chini ya gari, pembeni, palepale nilipotoa mabati. Zikapanda juu zenyewe, pamoja na joto, zikapita kwenye lile pengo, zikazungukia kwenye feni. Gari lilikuwa linavuta pumzi yake lenyewe, kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi. Yale mabati na mpira wake ndiyo yaliyokuwa yanatenganisha hewa safi ya juu na hewa moto ya chini. Mpira ulipooza, gari likaanza kuumwa. Mimi nilipotoa mabati, nikalimaliza.

Nikazima. Nikakaa chini kwenye pumba. Kope hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinaleta hewa nyingi kuliko kile kidirisha. Kosa lilikuwa kichwani mwangu, na dawa ya kosa hilo ilikuwa jikoni kwa bibi.

Nilikimbia. Nilisikia harufu ya makaa na iliki nikiwa bado nje ya ua.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mume wangu. Mbona unahema kama mbwa wa Michenga?”

“Bibi, yale masinia... yako wapi?”

“Yako wapi? Yako kazini.” Akanyoosha kidole kwenye tanuri. “Keki ya chini na keki ya juu.”

Nikachuchumaa pale mlangoni, nikamweleza yote, kuanzia boliti hadi pumba. Sikuficha kitu, na machozi yalinitoka; siwezi kusema yalikuwa ya moshi. Bibi alinisikiliza huku anapangusa mikono kwa kanga. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

“Mwenye gari anajua?”

“Bado.”

“Kwa hiyo ulitaka uyachukue, uyarudishe kimyakimya, aje aniendeshe Jumamosi akidhani fundi wake hajawahi kukosea?”

Ndicho hasa nilichokuwa nimekipanga njiani.

“Keki haitolewi mbichi kwa ajili ya gari,” akasema. “Bado ina saa nzima humo. Nenda kamwambie. Ukirudi ukiwa umeshamwambia, utapewa masinia. Ukirudi hujamwambia, nitajua. Sura yako ni bati, inaonyesha kila pigo.”

Babu nilimkuta karakana, amefungua boneti, anatazama ndani.

“Babu, nina kosa.”

“Moja?”

“Mawili.”

Nikamwambia. Nilipofika kwenye masinia alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia. Kichwa chake kilikuwa na mstari pale inapoishia, juu kweupe chini kweusi. Akaketi juu ya debe.

“Kwa hiyo sasa hivi,” akasema polepole, “injini yangu inaoka keki.”

“Ndiyo, babu.”

Mashine ya mpunga ilinguruma, ikasimama, ikanguruma tena.

“Siku ya harusi yetu,” akaanza, na sauti yake haikuwa ya hasira, jambo lililonitisha zaidi, “tulipanda tela la miwa. Trekta mbele, sisi nyuma. Lile tela lilitoka kubeba miwa iliyochomwa moto. Gauni lake lilikuwa la kuazima. Alipofika kanisani lilikuwa na masizi kuanzia hapa hadi hapa. Hakusema hata neno. Angesema ningesahau. Hakusema, na mimi nikamwahidi pale mlangoni, na hajanikumbusha hata mara moja kwa miaka hamsini.” Akarudisha kofia kichwani. “Yafuate hayo masinia.”

Bibi alipoyatoa tanurini aligeuza keki moja baada ya nyingine juu ya majani ya mgomba, akanikabidhi masinia yakiwa bado ya moto, nikayabeba kwa magunia. Hakuniuliza kama nimemwambia. Alinitazama usoni tu.

Alhamisi hiyo iliyobaki na Ijumaa nzima nilikunjua kingo nilizozikunja. Bati likishakunjwa halisahau. Unalinyoosha, linabaki na mshono. Pembe nilizokata hazikuwepo tena, ikabidi nikate viraka kwenye debe la mafuta ya kula na kuvipiga ribiti. Mpira nilichana kwenye tyubu kuukuu ya trekta, nikauvisha kingoni pande zote, ukabana. Babu alinishikia. Hatukuzungumza sana. “Shika hapa.” “Vuta.” “Tosha.” Ijumaa jioni tulifunga boliti ya mwisho, na mvua ikaanza kunyesha, ile mvua ya bonde ambayo humwoni jirani. Kwenda kujaribu njiani haikuwezekana. Nilirusha pumba chini ya uvungu mara moja tu, injini ikinguruma. Zikabaki chini. Hicho ndicho kipimo tulichokuwa nacho.

Jumamosi saa moja asubuhi basi la wanakwaya lilikuwa limeshawaka. Bibi alitoka ndani na gauni jeupe, la kwake, lililoshonwa kwa kipimo chake, na glavu nyeupe hadi kwenye viwiko. Akasimama kati ya basi na Sabuni. Wanakwaya wakachungulia madirishani.

“Mama, njoo huku, kuna nafasi mbele!”

“Mama, gauni hilo usiende kulisukumia gari!”

Bibi akanigeukia. “Mume wangu mdogo. Limejaribiwa?”

“Hapana, bibi. Mvua.”

“Ungesema ndiyo ningepanda basi,” akasema. Akamwambia dereva wa basi, “Nifuate. Mkula nitasimama nipime mwenyewe.” Kisha akainama, akajipenyeza kwenye kile kiti cha chini, na ikabidi watu wawili wamkusanyie gauni ndani kama wanafunga gunia.

Viti ni viwili, kwa hiyo mimi nilipanda bodaboda. Na nani? Yuleyule wa filimbi. “Kaka, leo nakaa nyuma yake,” akasema, “nikiona moshi napiga honi.” Nikamwambia asiseme neno moshi.

Sijawahi kutazama kitu jinsi nilivyoitazama boneti ile. Barabara, mashamba, watu waliotupungia, sikuviona. Niliona nyekundu na kope kumi na mbili. Tulipita pale tulipovutwa na pawatila. Tukapita Kiberege. Jua likatoka kwenye mawingu, likaanza kuchoma, na lami iliyolowa ikatoa mvuke, na kila mvuke nilioona nilidhani unatoka kwenye boneti. Mang'ula ikapita. Nilikuwa nanusa hewa kama mbwa wa windo. Mara nikasikia harufu, nikashika bega la kijana wa bodaboda kwa nguvu.

“Nini?”

“Subiri.” Nikanusa tena. Haikuwa oili. Ilikuwa iliki. Siagi na iliki, inatoka kwenye injini. Nilisugua mabati yale kwa haraka, na keki ilikuwa imeingia kwenye mishono.

Tulipofika Mkula, babu alipaki pembeni, karibu na akina mama wanaouza ndizi. Hakuzima injini. Basi nalo likasimama nyuma, mlango ukafunguliwa, ukabaki wazi unasubiri. Bibi akashuka. Akavua glavu ya kulia, kidole kimoja kimoja, akampa babu ashike. Babu akaizungushia mkononi kama bandeji.

“Fungua,” bibi akaniambia.

Nikafungua. Nikataka kuchomoa kijiti cha oili mimi. Akanisukuma kwa kiwiko, akauliza kiko wapi, nikamwonyesha, akakichomoa mwenyewe. Akakifumbata kiganjani chote, akafumba macho, akaanza.

Wanakwaya walijazana mlangoni pa basi. Wauza ndizi wakasogea. Nilikuwa naisema naye moyoni, na kwenye neno la pili, pale niliposhindwa mimi, nikafumba macho pia. Akapita. Sauti yake haikuharakisha. Bibi hajawahi kuharakisha sala hata tanuri likiwa la moto. Akafika katikati, palipo na joto la mkate. Nikamsikia anavuta pumzi. Babu alikuwa anatazama chini, viatu vyake. Akaendelea. Akafika kwenye “sisi wakosefu”, ambapo mimi hasa nilijiona nimetajwa, akafika kwenye “saa ya kufa kwetu”.

“Amina,” akasema, na kijiti kingali mkononi.

Akakirudisha mahali pake. Kiganja kilikuwa cheusi kwa oili. Akatazama gauni lake, akatazama kiganja, akakipangusa kifuani kwangu, kwenye shati langu jeupe la jubilei, mara mbili, kwa utulivu kabisa.

“Tanuri bado,” akamwambia babu. “Twende.”

Kidatu tulifika saa nne kasoro. Gari lilizimwa kwa ufunguo, mbele ya mlango wa kanisa. Babu alizunguka kumfungulia, na alipomshika mkono kumtoa nilimwona anakagua gauni, kuanzia hapa hadi hapa, kama mtunza stoo. Halikuwa na doa. Midomo yake ilitikisika lakini hakusema kitu, na bibi naye hakusema kitu. Waliingia. Mimi nilibaki nje kidogo, nikiweka kiganja juu ya kope, na watoto wa pale wakajikusanya wakiuliza kwa nini gari linanukia maandazi.

Baada ya misa na chakula, babu akafungua mlango wa gari tena na kumngoja mkewe.

“Aa, hapana,” bibi akasema, glavu zake kwenye mkoba. “Kuja nimekuja, ahadi imeisha. Kurudi narudi na basi. Mgongo wangu haukufunga ndoa na kile kiti.” Akapanda basi na wanakwaya wakampigia vigelegele.

Babu alibaki ameshika mlango. Akanitazama mimi na shati langu lenye alama ya kiganja cheusi.

“Ingia, fundi,” akasema. “Na njiani unieleze tena, taratibu, hiyo hewa inaingilia wapi na inatokea wapi.”